Gitaa la Roki Nzito: Rifu Inapogoma na Solo Inapokwama

Anayejifunza roki nzito kwa kufuata wimbo mmoja, kuanzia rifu ya mwanzo (msemo mfupi wa gitaa unaojirudia) hadi solo, ana faida moja kubwa: rekodi inamwambia papo hapo kwamba kuna kitu hakiko sawa. Shida ni kwamba haimwambii ni kitu gani. Wengi huvilaumu vidole vyao, wakaongeza mazoezi ya kasi, na tatizo likabaki palepale, kwa sababu chanzo chake kilikuwa kwenye tyuni (ulinganifu wa noti za nyuzi), kwenye kitufe cha geini (kinachoongeza ukali wa sauti), au kwenye nyuzi ambazo hakuna aliyezinyamazisha. Kasi ya vidole ni mshukiwa wa mwisho, na hapa chini nimeiweka karibu na mwisho kwa makusudi.

Tafuta dalili inayofanana na yako. Sababu za kila dalili zinaanza na ile inayojitokeza mara nyingi zaidi na kuishia kwenye ile adimu. Usiruke ukaguzi mwepesi kwa kuwa unaonekana wa kitoto. Kama bado hujachagua wimbo, chukua wenye mapigo 100 hadi 130 kwa dakika, rifu inayokaa kwenye nyuzi tatu nene, na solo inayotembea ndani ya pentatoniki, yaani skeli ya noti tano. Wimbo wenye solo ya kasi ya kutisha unavutia, ila unaficha makosa ya mkono wa piki (kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi) kwa muda mrefu sana.

"Nabonyeza freti zilezile, lakini hailingani na rekodi"

Anza na tyuna, kifaa cha kupimia noti. Nyuzi zote sita, kutoka nene hadi nyembamba: E, A, D, G, B, E, kwa kipimo cha A ya herzi 440. Pandisha noti kila mara kutoka chini kwenda juu. Ukishusha uzi ukaishia kwenye noti, ulegevu uliobaki kwenye kigingi utaushusha tena baada ya vipigo vichache. Nyuzi mpya hunyooka kwa siku ya kwanza au ya pili, kwa hiyo zivute kidogo kwa mkono kisha utyuni tena.

Gitaa likiwa sawa na bado halilingani, sababu inayofuata ni kwamba bendi ilishusha tyuni. Katika roki nzito hili ni jambo la kawaida kabisa. Tafuta noti ya chini kuliko zote kwenye rifu. Ikiwa iko chini ya uzi wa 6 (ule mnene kuliko wote) ulio wazi, basi hakuna freti (vyuma vyembamba vinavyokatiza shingo) itakayokupa noti hiyo mpaka ushushe na wewe. Tyuni mbili zinazokutwa mara nyingi ni hizi: nyuzi zote chini kwa nusu toni (umbali wa freti moja), ambapo E ya herzi 82.4 inakuwa takriban 77.8, au uzi wa 6 peke yake kushuka hadi D, herzi 73.4. Ukisikia kodi nene (noti zinazopigwa pamoja) zikihama kwa wepesi usio wa kawaida, kana kwamba anayepiga anatelezesha kidole kimoja tu, fikiria hiyo ya pili kwanza, kwa sababu ukishusha uzi wa 6 hadi D, kodi ya nguvu inashikwa kwa kidole kimoja kilicholazwa juu ya nyuzi tatu nene.

Kushusha nusu toni kunapunguza mkazo wa nyuzi kwa takriban asilimia 11. Wapo waliofanya hivyo kwa ajili ya ulegevu huo huo. Tony Iommi wa Black Sabbath, aliyepoteza ncha za vidole viwili katika ajali ya kiwandani, alishusha gitaa lake hadi toni moja na nusu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na nyuzi zilizolegea zilimrahisishia kazi. Kwako ulegevu huo unaweza kuwa kero: uzi unagonga freti na noti inapanda unapobonyeza kwa nguvu. Tiba ni seti ya nyuzi nene zaidi, kwa mfano kutoka inayoanzia 9 kwenda inayoanzia 10 (unene wa uzi mwembamba kuliko wote, kwa sehemu za elfu za inchi).

Sababu ya tatu ni rekodi iliyo katikati. Freti moja iko chini kidogo, inayofuata iko juu kidogo. Rekodi nyingi za zamani ziko hivyo, ama kwa sababu kasi ya tepu ilibadilishwa ama kwa sababu bendi ilityuniana yenyewe bila kifaa. Tyuni kwa sikio kufuata wimbo, au tumia programu ya kupandisha na kushusha sauti ya rekodi mpaka ikae kwenye 440.

Ya mwisho ni gitaa lililo sawa nyuzi zikiwa wazi lakini linakengeuka kadiri unavyopanda shingo. Piga hamoniki kwenye freti ya 12, yaani gusa uzi bila kuubonyeza, kisha bonyeza freti hiyohiyo na ulinganishe kwenye tyuna. Noti ya kubonyeza ikiwa juu, rudisha nyuma kijichuma kinachobeba uzi huo kwenye daraja (pale nyuzi zinapokaa mwilini mwa gitaa) ili uzi urefuke. Ikiwa chini, kisogeze mbele. Fanya hivyo na nyuzi mpya, si zilizochoka, la sivyo unarekebisha kosa la uzi. Kama kijichuma kimefika mwisho wa nafasi yake na noti bado haikubali, au shingo inaonekana imepinda, acha hapo. Kukata mifereji ya nati (kipande kinachobeba nyuzi karibu na kichwa cha gitaa) na kukaza chuma cha ndani ya shingo ni kazi ya fundi wa magitaa. Ile nati ikikatwa kina kupita kiasi hairudi, na chuma cha shingo kikikazwa kwa pupa hukatika.

"Rifu yangu ni tope, noti hazitengani"

Hili ndilo lalamiko linaloongoza. Jibu lake la kwanza linawaudhi watu: punguza disto, yaani ule ukwaruzo wa sauti unaotokana na geini. Gitaa unalosikia kwenye rekodi ya roki nzito mara nyingi lina geini ndogo kuliko unavyodhani. Unene wake unatokana na kurekodi sehemu ileile mara mbili au zaidi, moja upande wa kushoto na nyingine kulia, huku gitaa la besi likijaza chini. Wewe uko peke yako chumbani, unajaribu kupata unene huo wote kwa kitufe kimoja.

Fanya jaribio hili. Zima disto kabisa, piga rifu kwa sauti safi. Kila noti itakayokwaruza, kila uzi utakaolia bila ruhusa, sasa utausikia. Rekebisha hapo. Kisha ongeza geini kidogo kidogo mpaka noti ianze kushikilia vizuri, na usimame. Kama besi ya amplifaya iko juu ya nusu, ishushe, na sauti za kati uzipandishe. Najua kukata sauti za kati kunasikika vizuri ukiwa peke yako. Ukicheza juu ya rekodi au na bendi, gitaa linapotea.

Sababu ya pili ni kodi yenyewe. Kodi ya nguvu ina noti mbili tu, ya msingi na ya tano yake, na hilo lina sababu ya kifizikia. Disto haikuzi tu sauti. Inazalisha noti mpya kutokana na jumla na tofauti za zile ulizopiga. Chukua A ya herzi 110 na E ya takriban 165. Tofauti yake ni 55, ambayo ni A ileile oktava moja chini. Ndiyo maana kodi hiyo inasikika kubwa kuliko noti zake. Ukiongeza noti ya tatu ya kodi kubwa (meja), mambo yanaharibika: kwenye tyuni ya kawaida ya gitaa noti hiyo iko juu ya usafi wake wa asili kwa karibu senti 14, yaani sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, ilhali ya tano imekosea kwa senti 2 tu. Disto inalichukua kosa hilo na kulifanya mngurumo. Kwa hiyo angalia vidole vyako: huenda unashika kodi nzima mahali ambapo rekodi ina nyuzi mbili.

Sababu ya tatu, na hapa ndipo wapigaji wengi wanapotofautiana, ni nyuzi ambazo hupigi. Unaposhika kodi ya nguvu kwenye nyuzi za 6 na 5, nyuzi nne zilizobaki zinatakiwa zinyamaze ingawa piki inaweza kuzigusa. Kidole cha shahada kinashika noti yake kwa ncha, na sehemu yake iliyobaki inalala juu ya nyuzi nyembamba bila kuzibonyeza. Kodi ikianzia uzi wa 5, ncha ya kidole hicho inasogea mpaka iguse uzi wa 6 na kuuzima. Jaribu: shika kodi, kwangura nyuzi zote sita kwa fujo. Unatakiwa usikie noti mbili na mikwaruzo mikavu. Ukisikia zaidi ya hapo, umepata tope lako.

Kisha kuna kuziba kwa kiganja. Ukingo wa kiganja cha mkono wa piki, upande wa kidole kidogo, unakaa pale hasa nyuzi zinapotoka kwenye daraja. Ukisogea milimita chache mbele kuelekea pikapu (sumaku zenye koili zinazonasa mtikisiko wa nyuzi), noti inakufa na kubaki mgoto kama wa ngoma. Ukirudi nyuma, haizibi chochote. Hakuna kipimo cha jumla, kwa hiyo piga uzi wa 6 mfululizo huku ukisogeza kiganja polepole mbele na nyuma, mpaka upate mahali ambapo noti ni fupi lakini bado unaitambua jina lake. Usikandamize. Kukandamiza kunapandisha noti, na kwenye daraja linaloelea kunasogeza daraja zima na kuharibu tyuni ya nyuzi zote kwa pamoja.

"Kuna mvumo au mlio hata nikiwa sijapiga"

Tenganisha kwanza aina za kelele. Mvumo mzito usiokoma unatoka kwenye umeme wa nyumbani, herzi 50 au 60 kutegemea nchi, pamoja na vizidisho vyake. Mlio mkali unaopanda wenyewe ni sauti ya spika inayorudi kwenye gitaa na kuzunguka.

Kwa mvumo, badilisha kebo kwanza. Kebo ni chanzo cha kawaida na ndiyo rahisi kuliko vyote kupima. Kisha simama na gitaa, geuka polepole mzunguko mzima. Mvumo ukipungua na kuongezeka kadiri unavyogeuka, pikapu zako za koili moja zinanasa uga wa sumaku kutoka kwenye transfoma, skrini au taa. Sogea mbali nazo. Pikapu ya koili mbili, aliyoibuni Seth Lover akiwa kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955, iliundwa kwa ajili ya tatizo hili hasa: koili mbili zimepangwa kinyume ili mvumo wa moja ufute wa nyingine huku sauti ya uzi ikibaki. Kama gitaa lako linazo na bado linavuma, chunguza pedali moja moja kwa kuziondoa kwenye mstari.

Mvumo unaopungua ukigusa nyuzi ni jambo la kawaida kwenye magitaa mengi, maana mwili wako hunasa kelele na nyuzi zimeungwa na waya wa ardhi. Ukiongezeka ukigusa, waya wa ndani una kasoro.

Hapa kuna mahali pa kusimama kabisa. Ukihisi umeme, hata mwasho mdogo, unapogusa nyuzi pamoja na maikrofoni au kitu kingine cha chuma, chomoa kila kitu kwenye umeme na usicheze tena mpaka fundi wa umeme akague. Usikate wala kuondoa pini ya ardhi kwenye plagi ili kuua mvumo. Pini hiyo ndiyo inayozuia gitaa lisikuue. Na amplifaya ya valvu usiifungue. Ndani yake kuna mamia ya volti, na kapasita zake zinaweza kuhifadhi umeme huo hata baada ya kuchomolewa. Amplifaya hizo pia haziwashwi bila spika kuunganishwa, kwani transfoma ya kutoa sauti inaweza kuungua.

Mlio unaopanda wenyewe unatibika kwa kupunguza geini, kusogea mbali na spika au kuipa mgongo, na kuzima kitufe cha sauti cha gitaa kwenye vituo vya wimbo. Kwenye roki nzito kimya kati ya kodi mbili ni sehemu ya rifu, na kinapigwa kwa mikono yote miwili: kiganja kinashuka kwenye nyuzi, vidole vya shingoni vinalegea bila kuondoka.

"Nawahi au nachelewa kuliko dramu"

Kabla ya chochote, uliza sauti inakufikia vipi. Vipokea sauti visivyo na waya vinaweza kuchelewesha sauti kwa zaidi ya milisekunde 100. Ukijisikiliza kupitia hivyo, hakuna mazoezi yatakayokusaidia. Tumia vya waya. Kwenye kompyuta, angalia ukubwa wa bafa (kipande cha sauti kinachokusanywa kabla ya kuchakatwa): sampuli 256 kwa kasi ya 48,000 kwa sekunde ni karibu milisekunde 5, na ucheleweshaji huo unajirudia sauti inapoingia na inapotoka. Ukifika kwenye sampuli 1,024 au zaidi utahisi mkono wako hauko kwenye gitaa.

Vifaa vikiwa safi, kosa linalokutwa mara nyingi ni kuwahi, na linatokea kwenye vituo, si kwenye noti. Mtu anapiga noti nne sawasawa, kisha anafupisha kimya kinachofuata kwa sababu mkono hauna la kufanya. Upe kazi. Endelea kuupandisha na kuushusha mkono wa piki kwa mwendo uleule hata pale usipogusa uzi, huku mguu ukigonga mapigo. Kisha ziba nyuzi zote kwa mkono wa shingoni na upige mdundo wa rifu peke yake, mikwaruzo mitupu, juu ya rekodi. Ukiweza mdundo bila noti, noti zitaingia zenyewe. Usipoweza, tatizo halikuwa kodi.

Sababu ya pili ni mwelekeo wa piki unaobadilika kila mara unapoirudia rifu. Amua: hapa chini, hapa juu. Rifu nyingi za roki nzito hupigwa kwa piki kushuka tu, kwa sababu kila noti inapata uzito sawa. Kwa mapigo 120 na noti mbili kila pigo, hiyo ni mishuko 4 kwa sekunde; kwa 160 ni zaidi kidogo ya 5. Mkono wa juu ukianza kuwaka moto, mwendo wako ni mkubwa mno au unatoka kwenye kiwiko. Ufupishe, utoke kwenye kifundo, na piki iingie kwenye uzi kwa ncha tu.

Jirekodi kwa simu. Sikiliza siku inayofuata, si papo hapo. Ukiwa bado na gitaa mkononi sikio linakuwa la kirafiki.

"Nikivuta uzi kwenye solo, noti haifiki au inapitiliza"

Kuvuta uzi ndiko kunakofanya solo ya roki iimbe, na ndiko kunakosikika vibaya haraka zaidi. Sababu ya kwanza ni kwamba mpigaji hajui anakokwenda. Anavuta mpaka mkono uchoke. Weka lengo kwanza. Kwenye pentatoniki ya A ndogo, uzi wa 3 freti ya 7 ni D. Piga freti ya 9, ambayo ni E, uisikilize, uiimbe hata kwa kuguna. Sasa rudi freti ya 7 na uvute mpaka ufike kwenye ile uliyoimba. Rudia kwenye uzi wa 2, freti ya 8 kwenda kwenye sauti ya freti ya 10, G kufika A. Hizi mbili zimo katika solo nyingi kiasi kwamba ukizishika vizuri umeshika sehemu kubwa ya kazi.

Sababu ya pili ni kuvuta kwa kidole kimoja. Kidole cha pete kinashika noti, cha kati na cha shahada vinakaa nyuma yake kwenye uzi uleule vikisukuma pamoja, na kidole gumba kinakwea juu ya shingo kama egemeo. Nguvu inatoka kwenye kuzungusha kifundo, kama unavyozungusha ufunguo mlangoni. Vidole vyenyewe havinyooki wala kujikunja.

Noti ikifika lakini nyuzi za jirani zinapiga kelele, hasa unapourudisha uzi chini, ncha ya kidole cha shahada inatakiwa isukume uzi wa juu yake na kuuziba, na kiganja cha mkono wa piki kilale juu ya nyuzi nene. Hili halionekani kwenye video nyingi za mafunzo kwa sababu kamera inatazama kidole kinachovuta.

Noti ikifa katikati ya mvuto, uzi umegusa freti ya mbele. Kwenye shingo zenye mviringo mkubwa na nyuzi zilizo chini sana hili halikwepeki. Nyanyua nyuzi kidogo kwenye daraja. Ikifa mahali pamoja tu, kwenye freti moja, hiyo au ya mbele yake imeinuka au imechakaa, na kusawazisha freti ni kazi ya fundi.

Gitaa likitoka tyuni baada ya kila mvuto, na ukasikia mkwaruzo mdogo karibu na kichwa, uzi unakwama kwenye nati. Legeza uzi, uutoe kwenye mfereji wake, pakaza risasi ya penseli ndani ya mfereji, rudisha. Uzi ukikatika mahali palepale kila mara, tafuta ukingo mkali kwenye kijichuma cha daraja na uusugue kwa msasa laini kabisa.

Vibrato ina kasoro yake moja kuu: ni ya haraka na nyembamba, kama mtu anatetemeka. Ipigie hesabu. Weka metronomu (kifaa cha kugonga mapigo) kwenye 60, peleka uzi juu na kuurudisha mara mbili kwa kila pigo, kisha tatu, kisha nne, ukihakikisha kila mara unarudi kwenye noti yenyewe. Upana ulio sawa ni muhimu kuliko kasi.

"Solo inakwama kwenye kasi ileile, siku nenda siku rudi"

Sasa tunaweza kuzungumzia vidole. Punguza kasi ya wimbo hadi asilimia 60 au 70 bila kushusha sauti. Programu nyingi za kuchezea muziki zinaweza. Ikiwa solo bado inakwama hapo, hukwami kwa ajili ya kasi. Hujui noti, au hujaamua kidole gani kinakwenda wapi.

Ikipita polepole na kukwama haraka, angalia mikono inapokutana. Kidole kinafika kabla ya piki au baada yake, na disto inaficha hilo mpaka kasi ipande. Piga noti nne tu za mahali pabaya, kwa sauti safi, mara nyingi, kabla ya kurudi kwenye msemo mzima. Mara nyingi utakuta kosa liko pale unapohama uzi, wakati piki inabidi iruke. Hesabu idadi ya vipigo kwenye kila uzi: ikiwa ni shufwa na unaanza kwa kushuka, unamaliza kwa kupanda na mkono unatoka upande uleule kila mara, ikiwa ni witiri, mwelekeo unageuka. Wakati mwingine tiba ni kuondoa kipigo kimoja na kukibadilisha kwa nyundo, yaani kidole kishuke kwa nguvu kwenye freti bila piki, au kwa kunyofoa. Huo si udanganyifu. Waliorekodi solo hizo walifanya hivyo pia.

Nyundo zisiposikika, vidole vinatua mbali na freti. Vitue nyuma tu ya chuma chake. Kunyofoa kusiposikika, unainua kidole moja kwa moja juu. Kinatakiwa kiukwanyue uzi kidogo kuelekea chini kinapoondoka.

"Mkono unauma"

Ncha za vidole kuuma wiki za kwanza ni kawaida, na ngozi ikishakomaa maumivu hayo yanaisha. Maumivu ya kifundo, kiwiko au gumba si kawaida. Acha kucheza siku hiyo, punguza urefu wa mkanda wa gitaa, maana gitaa lililoning'inia magotini linakunja kifundo vibaya hata kama linapendeza jukwaani, legeza mshiko. Ganzi, vidole kuchomachoma au maumivu yanayokuamsha usiku yapeleke kwa daktari au mtaalamu wa fiziotherapia kabla ya kurudi kwenye gitaa. Usiyasukume kwa mazoezi.

Na masikio: kiwango kinachopendekezwa mahali pa kazi ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinakata muda kwa nusu. Kwa desibeli 100 ni dakika 15. Amplifaya ya wastani kwenye chumba kidogo inafika huko bila shida. Masikio yakivuma baada ya mazoezi, sauti ilikuwa kubwa mno. Yakiendelea kuvuma kesho yake, muone daktari wa masikio.

"Sehemu zote nazijua, wimbo mzima haukubali"

Kinachovunjika ni viungo. Umefanya mazoezi ya rifu kutoka mwanzo wake na solo kutoka mwanzo wake, lakini hujawahi kupiga kipimo (kundi la mapigo) cha mwisho cha rifu kikiingia kwenye cha kwanza cha solo. Chukua vipimo hivyo viwili tu uvizungushe. Utagundua mkono wa shingoni unahitaji kuanza safari yake mapema, pengine kwa kuachia kodi ya mwisho nusu pigo kabla.

Sababu nyingine ni sauti. Rifu na solo zinahitaji mpangilio tofauti, na kubonyeza pedali tatu kwa pigo moja hakuwezekani. Tumia kitufe cha sauti kwenye gitaa lenyewe: kiweke 6 au 7 kwa rifu, ambapo disto inasafika kidogo, na 10 kwa solo. Kama kikizungushwa kinakwaruza, ni vumbi ndani yake, na dawa ya kupuliza ya kusafishia viunganishi vya elektroniki huwa inatosha. Mwisho wa solo chagua noti moja ndefu ya kuvutwa. Wakati inalia, kidole kidogo cha mkono wa piki kina muda wa kurudisha kitufe kwenye 6, na piki inaingia kwenye rifu ikishuka.